Tovuti ya Mama Faili

Karani wa shule yetu tulimwita Mama Faili, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Ukifika kutafuta cheti cha mtu aliyehitimu miaka kumi na tano iliyopita, alikuwa anainuka kitini, anavuta droo ya tatu kutoka chini, anapitisha kidole juu ya majalada, na kabla hujamaliza kueleza shida yako karatasi iko mezani. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, miwani imefungwa kamba nyuma ya shingo. Kazi alianza enzi za mashine ya taipu. Wakuu wa shule watano walimkuta pale, na wanne walimwacha pale pale. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la nne, chumba changu kikipakana na ofisi yake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe tukinywa chai.

Ofisi yake ilikuwa na dirisha dogo lenye nondo, linalotazama ukumbini. Hapo ndipo wazazi walipopanga foleni. Shule inafungua lini? Sweta ni la bluu au la kijani? Mtoto wa miaka mitano na nusu mnampokea? Kila asubuhi maswali ni yale yale, na kila asubuhi Mama Faili aliyajibu kama vile ndiyo kwanza anayasikia. Niliwahi kumuuliza kama hachoki. Akasema, "Mimi nimelisikia mara elfu, mwalimu. Yeye analiuliza mara moja."

Basi, mwaka huo ikaja barua kutoka ofisi ya elimu: kila shule iwe na tovuti yake kabla muhula haujaisha. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Barua haikumshtua mtu mwanzoni, maana tulikuwa na mwalimu wa hisabati tuliyemwita Bwana Kompyuta. Kwa miaka miwili alikuwa akituambia tovuti ya shule iko asilimia tisini. Kila ukimuuliza, asilimia tisini. Bahati mbaya, mwezi ule ule akapata nafasi ya masomo akaondoka. Mwalimu mkuu alipoomba akabidhiwe hizo asilimia tisini, akakuta folda moja, na ndani ya folda picha moja ya nembo ya shule, nayo imekatwa upande.

Mwalimu mkuu alikuwa bado kijana, hajafika arobaini, mtu mpole lakini mwenye hofu kubwa ya wakubwa zake. Akaichukua barua, akavuka ukumbi, akaiweka mbele ya karani kwa mikono miwili.

"Mama, hili nakuachia wewe. Wewe ndiye unayejua kompyuta hapa."

"Najua kuchapa, mwalimu," akasema Mama Faili. "Kuchapa na kujua kompyuta ni mambo mawili. Abiria hupanda basi miaka thelathini na hajui breki iko wapi."

"Wanasema siku hizi huhitaji kujua chochote. Unachagua, unaburuta, unaweka maneno yako. Basi."

"Nani anasema?"

"Wanaoziuza," akakiri mwalimu mkuu.

Nilimsikia Mama Faili akicheka kupitia ukuta. Lakini kicheko kile kilikuwa cha mtu aliyekwisha kubali, maana katika miaka yote ile Mama Faili hakuwahi kurudisha barua bila kuishughulikia.

Nyumbani mume wake alimtania. Alikuwa dereva wa basi aliyestaafu kwa sababu ya goti, na siku zake nyingi zilipita barazani na redio. "Mke wangu," alimwambia, "wewe simu ikilia ujumbe unaishika kwa ncha za vidole kama kaa la moto. Leo umekuwa fundi wa mitandao?" Mama Faili akamjibu kwamba hata yeye hakuzaliwa ameshika usukani. Mzee akafikiri kidogo, akasema hilo ni kweli, na kwamba gari lake la kwanza aliligonga kwenye ukuta wa kituo cha polisi.

Mama Faili akaanza siku iliyofuata, saa ya mapumziko ya mchana, mlango umefungwa. Alifungua daftari jipya lenye jalada gumu, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo: Makosa Yangu. Alinionyesha baadaye. Siku ya kwanza peke yake ilijaza kurasa tatu. Nenosiri alilibuni, akalisahau, akabuni jingine. Picha ya geti ilikuja imelala kifudifudi. Kichwa cha habari alikisukuma katikati kikakimbilia kushoto, akakirudisha, kikavuta picha ya darasa kikaondoka nayo. Chini ya kila kosa aliandika alivyolitatua, au akaacha nafasi tupu kwa ajili ya suluhisho litakapopatikana. Alikuwa analifungulia kila kosa faili lake.

Huduma ile ya kujijengea tovuti ilimtaka achague kiolezo, yaani mfano uliokwisha kupambwa ambao wewe unabadilisha maneno na picha tu. Vilikuwa zaidi ya mia. Yeye akachagua kimoja kwa sababu mbili: pambizo zake zilikuwa sawasawa, kama barua iliyochapwa vizuri, na kilikuwa na picha ya ukumbi wenye meza ndefu na viti vimepangwa. Akasema moyoni, hiki ni cha shule, huu ni ukumbi wa chakula. Akakaa nacho siku nne. Akaweka jina la shule, akaweka geti, akaweka wanafunzi wa darasa la kwanza wakiwa wamekodoa macho kwa mpiga picha.

Siku ya tano alitaka kuona kazi yake kwenye karatasi, maana kwake kitu ambacho hakijashikika mkononi hakijakamilika. Akatafuta pa kubonyeza. Juu kabisa kulikuwa na kitufe kimeandikwa "Chapisha". Akakibonyeza, akageukia printa, akasubiri. Karatasi haikutoka. Akaangalia wino, akaangalia waya, akaitikisa printa kidogo. Akabonyeza tena. Kimya. Akasema printa imekufa, akafunga ofisi akaenda nyumbani.

Printa ilikuwa nzima. Ile "chapisha" haikuwa ya karatasi. Tovuti ilikuwa imetoka, iko hewani, dunia yote inaiona, na mwalimu mkuu, ambaye kila siku aliangalia kama kuna lolote, akaiona jioni ile akafurahi mno, akawatumia wazazi wote kwenye simu zao bila kuisoma mpaka chini.

Sasa, kile kiolezo hakikuwa cha shule. Kilikuwa cha mgahawa.

Asubuhi Mama Faili alifungua kompyuta akakuta jumbe kumi na moja. Chini ya picha ya darasa la kwanza, mahali ambapo hakuwa amefika, kilikuwa kimebaki kitufe kikubwa chekundu: "Weka nafasi ya meza". Na wazazi, wenye watoto wa kuanza mwaka unaofuata, walikuwa wamekibonyeza kwa nia njema kabisa. Mama mmoja ameomba meza ya mbele kwa sababu mwanawe haoni vizuri. Baba mmoja, palipoulizwa "watu wangapi", ameandika wawili, ni mapacha, na tafadhali wasikae pamoja. Palipoulizwa "saa ngapi mtafika", karibu wote wameandika saa moja na nusu asubuhi. Na palipoulizwa kama kuna chakula kinachomdhuru mgeni, bibi mmoja ameandika kwamba mjukuu wake hadhuriwi na kitu ila anapenda kulia.

Katika chumba cha walimu tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mwenzetu mmoja akaenda dirishani kwake akagonga nondo, "Dada, naomba meza ya watu wawili, karibu na feni." Nami nilicheka, sitakataa. Baadaye nilipopita kuchukua chaki nilimkuta amesimama nyuma ya kabati la majalada, miwani mkononi, anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Nikajitia hamnazo, nikachukua chaki nikaondoka. Najuta sikusimama.

Mwalimu mkuu alikuja mbio. "Mama, ondoa kitufe hicho haraka, ofisi ya elimu wakiona tumekwisha!"

Lakini yeye alikwisha kunawa uso. Alikuwa ameketi na zile jumbe kumi na moja, anazinakili kwenye rejista. "Tazama hapa, mwalimu," akamwambia. "Jina la mtoto. Jina la mzazi. Simu. Idadi. Na huyu wa mbele, nimejua haoni vizuri kabla hajaingia getini. Dirishani ningehitaji wiki nzima kupata haya, na nusu ningekosea tahajia. Kitufe hakina kosa. Maneno yake ndiyo yana kosa." Akabadilisha maneno, "meza" ikatoka, "mwanafunzi mpya" akaingia, swali la chakula akaliacha vile vile kwa sababu aliliona ni swali la maana. Rangi nyekundu pia akaiacha. Hakujua bado jinsi ya kuibadilisha.

Tangu siku ile alianza kufanya kitu ambacho mimi, mwenye cheti cha ualimu, nisingekifikiria. Aliweka daftari dirishani, na kila mzazi alipouliza jambo alichora mstari mmoja mbele ya swali lile. Kwa siku kumi alichora mistari. Halafu akaipanga: lililoulizwa zaidi likaenda juu kabisa ya tovuti, linalofuata likafuata. Tarehe za kufungua na kufunga. Sare. Umri wa kuanza. Saa za kumchukua mtoto. Namna ya kupata nakala ya cheti kilichopotea.

Mwalimu mkuu naye alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa mbili na picha yake akiwa kwenye kiti cha ngozi, akitaka zikae mwanzo.

"Mwalimu," Mama Faili akamwonyesha daftari, "katika siku kumi hakuna mzazi hata mmoja aliyekuja dirishani kuulizia hotuba yako."

Kisha mwalimu mkuu akaangua kicheko, na hotuba ikapewa ukurasa wake wa pembeni, ambako iko mpaka leo.

Laiti mambo yangeishia hapo, hadithi hii ingekuwa ya kuchekesha tu.

Mwezi ule yalitoka matokeo ya mtihani wa darasa la sita. Desturi ya shule yetu ilikuwa kuyabandika ukutani karibu na geti: majina yote, alama zote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwalimu mkuu akasema safari hii yawekwe na kwenye tovuti, watu waone tuko kazini. Mama Faili hakubisha. Alikuwa amejifunza kupiga picha karatasi na kuipandisha mtandaoni siku mbili tu kabla, na nadhani alifurahi kupata pa kuutumia ujuzi wake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tulikuwa tumeanza kumsifu.

Jumatano iliyofuata, wakati wa mapumziko, alikuja dirishani fundi cherehani mmoja aliyekuwa na binti darasa la sita. Huyu baba alikuwa kiziwi tangu utotoni, kwa ugonjwa. Hakusema. Alitembea na penseli sikioni na vipande vya karatasi ile ya kukatia mitindo mfukoni, na shida yake yoyote aliiandika. Foleni ilikuwa haimpendi, maana kuandika huchukua muda, na wapo watu waliokuwa wakimpigia kelele masikioni kana kwamba uziwi ni uvivu.

Siku hiyo alikuwa ameandika nyumbani kabisa. Alipenyeza karatasi kati ya nondo akasimama. Mama Faili akavaa miwani. Karatasi ile aliihifadhi, nami niliisoma:

"Ubao wa getini ulikuwa wa wapita njia, na mvua ikinyesha unalowa. Huu wenu haulowi. Shangazi yake aliye mbali ameuona, amezungushia duara jekundu jina la binti yangu, wa sitini na moja kati ya sitini na mmoja, akautuma kwa ukoo mzima. Wanacheka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mtoto wangu amechutama chumbani siku ya tatu leo, hataki shule. Nani amemvua?"

Mama Faili aliniambia kwamba alipofika kwenye swali lile la mwisho alirudi kuisoma karatasi tangu mwanzo. Miaka ishirini na saba alikuwa mlinzi wa siri za watoto. Alijua nani ana kifafa, nani amelelewa na jirani, nani jina la babaye limeachwa wazi. Funguo za kabati zilining'inia shingoni mwake, hata mwalimu mkuu alipozihitaji alibisha hodi kwanza. Na sasa yeye, kwa kidole chake mwenyewe, amefungua kabati mbele ya dunia.

Hakwenda kuomba ruhusa. Aligeuka kwenye kompyuta na fundi akiwa bado amesimama, akafuta ukurasa wa matokeo, akamgeuzia kioo aone pako patupu. Kisha akaandika chini ya karatasi ile ile: "Ni mimi. Nitakuja kwako leo baada ya kazi, ukiniruhusu." Fundi akasoma, akakunja karatasi mara mbili kama mtu anayekunja kitambaa, akamrudishia, akatikisa kichwa kukubali.

Mwalimu mkuu alipogundua, alikasirika kwa mara ya kwanza tangu aje. "Umeondoa bila kuniuliza?"

"Niliweka bila kufikiri, nikaondoa bila kuuliza," akasema Mama Faili. "Ukitaka kuniandikia barua ya onyo, nitaichapa mwenyewe na kuiweka kwenye jalada langu. Lakini hairudi."

Sikuwahi kumsikia akimjibu mkuu hivyo. Sauti haikupanda hata kidogo. Mwalimu mkuu alikaa kitini akasoma ile karatasi ya fundi, kisha akarudi ofisini kwake.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja cha mbele, mashine mbili, kioo kirefu, na mashati ya sare yametundikwa kwenye kamba. Nyuma ya pazia ndiko familia inakoishi. Mama Faili alikalishwa kwenye kiti cha wateja. Waliandikiana. Alimwambia ukweli wote: kwenye tovuti matokeo hayaonekani tena, lakini picha aliyoituma shangazi iko kwenye simu za watu, na huko yeye hana mkono. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliomba radhi bila kutia sababu. Hakumtaja mwalimu mkuu. Fundi alisoma polepole, penseli ikigonga meza.

Kisha pazia likasogea. Binti alikuwa nyuma yake muda wote. Msichana mrefu, mwembamba, macho yamevimba. Hakumwamkia mgeni. Aliuliza moja kwa moja:

"Na wewe ulikuwa wa ngapi?"

Mama Faili hakutegemea. Akavua miwani. "Hesabu nilifeli, mwanangu. Mara mbili. Sikuendelea na masomo kwa sababu hiyo, nikaenda kujifunza kuchapa."

"Mbona hakuna anayejua?"

"Kwa sababu ufunguo wa jalada langu ninao mimi," akasema. "Wako nao ninao mimi. Ndiyo maana nimekuja."

Hakukuwa na kukumbatiana, wala machozi. Binti alirudi nyuma ya pazia. Mama Faili akajua ameambiwa aondoke, akainuka, lakini fundi akamzuia kwa kiganja, akatoa simu yake.

Alifungua tovuti ya shule. Akaandika kwenye karatasi mpya, haraka, kama mtu aliyekuwa na maneno haya kwa muda: kwamba ilipotoka, yeye alikuwa mzazi aliyefurahi kuliko wote. Kwa mara ya kwanza alijua tarehe ya kufungua shule bila kumsumbua mtu, bila foleni kumgunia. "Lakini tazama," akaonyesha kwa ncha ya penseli. Chini ya kila ukurasa palikuwa na namba ya simu, na maneno: Kwa maelezo zaidi, piga simu. "Nipige, nisikie nini?"

Mama Faili akafungua lile daftari lake la makosa palepale, akaandika.

Fundi akaona daftari, akavutiwa. Akaanza kupitia tovuti yote kama mteja aliyeletewa shati lenye mishono mibovu. Rangi saba, aliandika. Nani huvaa rangi saba? Chagua mbili, zile za sare, mtu ajue yuko shule gani kabla hajasoma. Maandishi ya kijivu juu ya bluu hayasomeki juani, na wazazi wengi husomea juani. Picha ya paa la bwalo imeinama, kama mtu aliyekata kitambaa bila kuangalia uzi. Mama Faili aliandika yote. Alikuwa amehangaika wiki nne na jambo lile bila kujua linaitwaje, na huyu bwana alilijua kwa macho na mikono, maana ndiyo kazi yake tangu ujana: kutazama kitu akaona kinakaa au hakikai.

Siku zile mbili zilizofuata alibadilisha rangi, na kile kitufe chekundu kikawa cha bluu hatimaye. Chini ya kila ukurasa akaweka mahali pa kuandika ujumbe, na ahadi kwamba utajibiwa kwa maandishi siku ile ile. Ahadi hiyo aliitimiza. Tulizoea kumwona asubuhi akimaliza dirisha la nondo, kisha anavuta kiti kwenye kompyuta na kuanza la pili.

Suala la matokeo lililetwa kwenye kikao cha walimu. Mwalimu mkuu, kwa mshangao wetu, ndiye aliyelileta, na alianza kwa kusema kosa lilikuwa amri yake. Alipendekeza tusibandike tena majina, si mtandaoni wala getini. Kila mtoto apewe karatasi yake. Palikuwa na ubishi mkali. Mimi nilikuwa upande wa kubandika. Nilisema aibu humkaza mtoto, nilisema sisi wenyewe tumekua hivyo. Mama Faili, ambaye huwa anaandika kumbukumbu za kikao na hasemi, aliweka kalamu chini.

"Samahani, mwalimu. Aibu inamkaza nani? Mimi ndiye ninayeandika majina ya wanaoacha shule. Hebu niulizeni wanaacha lini."

Tukamuuliza. Akasema, wiki ya matokeo, karibu kila mwaka. Kura yangu ilihama.

Binti wa fundi alirudi Jumatatu. Babaye alimsindikiza mpaka getini na kusimama hapo hadi kengele. Sitasema kwamba aligeuka kuwa wa kwanza, maana hakuwa. Muhula uliofuata hisabati bado ilimsumbua, na mimi, kwa deni la moyo, nilikaa naye baada ya vipindi mara mbili kwa wiki. Lakini alimaliza shule. Shangazi yule, nasikia, hakuomba radhi, na fundi hakumshonea tena nguo.

Ofisi ya elimu walikuja siku ya mwisho wa muda waliotupa. Afisa mmoja mwanamke, mwenye haraka, aliketi kwenye kiti cha ngozi akaipitia tovuti yetu kwenye simu yake. Alisema herufi ni kubwa mno. Alisema ukurasa wa kwanza hauna dira wala dhima ya shule, shule nyingine zote zimeweka. Kisha afisa akabonyeza ile sehemu ya ujumbe, akaandika, labda kwa kutujaribu, "Mtoto wangu anatumia kiti cha magurudumu, darasa lake liko ghorofani?" Akaweka simu mezani, akaanza kuzungumzia mambo mengine. Dakika tatu hazijapita simu ikalia. Kutoka chumba cha pili Mama Faili alikuwa amemjibu: darasa liko chini, lakini kuna kizingiti mlangoni kirefu kama kiganja, akija ampe taarifa siku moja kabla, fundi seremala aweke ubao.

Afisa alisoma mara mbili. "Nani aliyetengeneza hii?"

Mwalimu mkuu angeweza kusema "tumetengeneza", na nisingemlaumu. Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Karani wetu. Peke yake. Hakusomea."

Mwezi mmoja baadaye makarani saba wa shule za jirani waliletwa kwetu kujifunza. Walikaa darasani kwangu, kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda mpaka kifuani, na kila mmoja ana kalamu. Walitegemea somo. Mama Faili alisimama mbele na hakujua aweke mikono wapi. Halafu akafungua daftari lake ukurasa wa kwanza, akawasomea makosa, moja baada ya jingine: printa aliyoitikisa, mgahawa, meza ya mapacha. Wakacheka wakalia. Alipofika kwenye matokeo ya darasa la sita akasoma hilo pia, polepole.

Karani mmoja mzee kuliko yeye, mwanamume wa nywele nyeupe, akainua mkono. "Dada, mimi hata hiyo mausi ya kompyuta inanitetemekea mkononi. Nianzie wapi?"

"Kesho, dirishani kwako," akasema Mama Faili, "mzazi wa kwanza akikuuliza kitu, kiandike."